Binti wa Fumba Aliyeitwa Mtumwa

Jina la Siti binti Saad si geni masikioni mwa watu wa pwani. Wako wazee waliokua wakisikia santuri zake zikilia barazani na mikahawani, na hata vijana ambao hawakupata kuiona gramafoni kwa macho yao wamezisikia nyimbo zake katika vinywa vya waimbaji waliokuja baadaye. Walakini kila nikiwauliza wanaomsifu kama wajua kwamba bibi huyu hakuzaliwa na jina hilo, aghalabu hunitazama kwa mshangao. Siku alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Alizaliwa Fumba, kijiji kilicho kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, Unyamwezi na Uzigua, lakini wao wenyewe walizaliwa papo hapo kisiwani. Msomaji ashike tarehe hiyo vizuri. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha fungwa mwaka 1873, ila kumiliki mtu kulikuwa bado halali. Amri ya Sayyid Hamoud bin Muhammed ya kufuta utumwa ilitoka mwezi wa Aprili 1897, na masuria wakangoja mpaka 1909. Huku kwetu, pwani ya Kenya, mambo hayo yalikoma kisheria mwaka 1907. Basi kitoto kile kilipopewa jina la Mtumwa, neno hilo halikuwa la vitabu vya historia. Lilikuwa hali ya watu waliokuwa wakipita njiani kila siku, wengine wakiwa jirani na jamaa.

Kwetu pwani jina kama hilo lilimfikia mtoto kwa njia zaidi ya moja. Iko ile ya mama aliyefiwa na watoto wawili watatu, akaona heri huyu wa sasa ampe jina la unyonge ili kijicho kimpite. Ndiyo maana tunao akina Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua, na wengi wao wameishi mpaka wakawa na vitukuu. Iko tena njia ya pili, ambayo ni chungu zaidi: mtoto kuitwa kwa daraja ya watu wake, ili yeye na wanaomwita wasisahau mahali pake. Jina ni lile lile, lakini la kwanza ni ngao na la pili ni alama.

Dini yetu haikuliacha jambo hili lipite hivi hivi. Mtoto ana haki ya jina jema juu ya mzazi wake, nasi twajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyabadilisha majina ya watu wazima. Alimkuta binti aitwaye Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila. (Asimsumbue mtu hapa Asiya mke wa Firauni. Sisi Waswahili twayaandika sawasawa, lakini kwa herufi za Kiarabu ni majina mawili mbalimbali.) Akamkuta na mwingine aitwaye Barra, yaani mwema, akambadilisha pia, akamwita Zainabu, kwa kuwa jina lile lilikuwa kama mtu kujitakasa mwenyewe. Kwa hiyo si ubaya wa jina peke yake uliotazamwa. Hata wema ukizidi una matatizo yake, na hili ningependa walisikie wazazi wa siku hizi wanaookota majina katika simu bila kuuliza maana.

Na Mtumwa je? Nimelifikiri sana neno hili. Kwa asili yake ni mtu aliyetumwa, na shina lake ni lile lile la neno Mtume. Abdalla naye ni mtumwa wa Mungu, na hakuna baba anayeona haya kumwita mwanawe Abdalla. Kasoro ya jina la binti wa Fumba ni kwamba halikumtaja bwana. Mtumwa wa nani? Nafasi ile iliachwa wazi, na kila mpita njia angeweza kuijaza apendavyo.

Mwenye jina alikua katika kazi ya kufinyanga. Hakusoma, hakuwa na mali, na hata sura yake watu wa mjini hawakuisifu. Alichukua vyungu vyake kichwani akivitembeza kwa miguu kutoka shamba mpaka mjini, na alipovinadi sauti yake ilitangulia mbali kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko akakutana na Muhsin Ali, mtu wa Nadi Ikhwan Safaa, kile chama cha taarab kilichoundwa mwaka 1905. Bwana huyo alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, akamfundisha na kusoma Kurani. Wakati huo taarab ilikuwa mambo ya wanaume na ya wakubwa, nayo iliimbwa kwa Kiarabu, kama ilivyoletwa kutoka Misri zama za Sayyid Barghash. Mfinyanzi wa Fumba akaingia humo akaimba Kiswahili, na waliokuwa wakikaa nje ya dirisha bila kufahamu neno wakaanza kufahamu.

Hapo ndipo jina la Siti lilipomkaa. Siti ni bibi, mwanamke wa heshima, mwenye nyumba. Kwa lugha ya siku zile, ni yule ambaye mtumwa humtumikia. Mtu mmoja basi amekaa pande zote mbili za mlango. Linalonipendeza zaidi ni kwamba alibadilisha jina la mwanzo tu. Katika miaka ile wengi walijitafutia nisba mpya, wakajipa na mababu wa ng'ambo; yeye aliendelea kuwa binti Saad, wa Saad yule yule wa Fumba.

Mji haukumpokea wote kwa mkono mmoja. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa ushamba wake na kwa kaniki aliyokuja nayo. Hilo halikuwa tusi dogo, maana kaniki ilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Jina alikuwa amekwisha livua, lakini watu walikuwa wakilikumbuka. Naye akajibu kwa wimbo, kama ilivyo ada ya watu wa taarab, akisema kwamba sura haimfai mtu asiye na akili. Wimbo wa majibu ndio uliodumu.

Mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kutia sauti katika santuri za His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa mbele ya gramafoni. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika jambo hilo. Akina Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban ndio waliokuwa wenzake. Santuri zilienea pwani yote na bara pia, na juu ya kila moja lilichapwa jina jipya. Wala hakuimba mapenzi tu. Wimbo wa Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa, na jinsi muuaji alivyotoroka huku sheria ikiwaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Mtu aliyewahi kuitwa Mtumwa alijua nani huangukiwa.

Nilimtaja Siti mwaka juzi katika baraza ya jirani yangu hapa Mombasa, pale watu wa nyumba yake walipokuwa wakishindana. Mjukuu wa kike alikuwa amezaliwa, na nyanya wa mtoto alitaka aitwe Mtumwa, somo ya mama yake yeye, marehemu. Baba mtoto akakataa katakata: ataandikaje neno hilo katika cheti, na shuleni watoto watamwacha? Mimi nikaunga mkono upande wa kijana, nikatoa mfano wa Siti. Nyanya akanijibu kwamba mama yake aliishi na jina lile miaka themanini, akalea, akahiji, na kama leo limekuwa aibu basi mwenye kuaibishwa ni yeye kaburini. Akanikumbusha na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni na akafariki mwaka 2013. Yeye aliitwa Kidude kwa udogo wake alipozaliwa, hakulivua, akalipeleka duniani kote. Kwa hilo sikuwa na la kusema. Siku ya saba mtoto alinyolewa, akaitwa Salma. Nyanya yake mpaka leo humwita Mtumwa, na mtoto huitika.

Siti binti Saad alifariki Unguja tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekwisha kaa naye, akamsikiliza, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika wasifu wake. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti. Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa majina yake yote mawili.