Mfahamu Alfred Hobbs: Alifungua kufuli lililoshindikana kwa saa 51, siri ilikuwa kwenye kulibana

Peleka kufuli lililopotelewa ufunguo kwa fundi funguo yeyote jijini Dodoma, halafu muangalie anaanza na nini. Hagusi tundu kwanza. Anatafuta pa kulibana: kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa kwenye meza, au akikosa, katikati ya magoti yake. Kufuli linaloyumba mkononi ni gumu kulifungua.

Jambo hilo dogo ndilo lililompa umaarufu Mmarekani mmoja mwaka 1851, likawakosesha usingizi wenye benki wa London. Jina lake ni Alfred Charles Hobbs.

Mtoto wa seremala

Hobbs alizaliwa Boston, Marekani, Oktoba 7, 1812. Baba yake alikuwa seremala na alifariki Hobbs akiwa na miaka mitatu tu. Kijana akaanza kuhangaika mapema: shambani, dukani, kuchonga mbao, kutengeneza magari ya farasi. Alijaribu kazi nyingi kabla ya kupata yake.

Aliipata kiwandani, Sandwich, jimbo la Massachusetts, alikojifunza kukata vioo. Pale walitengeneza vishikio vya milango vya kioo, na Hobbs akabuni njia ya kuvifunga kwenye mlango. Kutoka kwenye kishikio hadi kwenye kitasa ni hatua moja tu. Akaingia kwenye makufuli na hakutoka tena kwa miaka mingi.

Baadaye akawa muuzaji wa kampuni ya Day & Newell ya New York. Mbinu yake ya biashara ilikuwa ya ajabu: anaingia benki, anaomba kujaribu kufuli lao, analifungua mbele yao, kisha anawauzia la kwake. Nani angekataa kununua baada ya kuona vile?

London, 1851

Mwaka huo Uingereza iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa katika jumba la vioo, Hyde Park. Hobbs alikwenda kuonyesha kufuli la kampuni yake. Waingereza nao walikuwa na majina mawili waliyojivunia: Chubb na Bramah.

Kitasa cha Chubb kilibuniwa mwaka 1818. Ndani yake kuna vibati vinavyoitwa leva, na ufunguo lazima uinue kila leva kwa kimo chake. Ukijaribu kukichokonoa ukainua leva kupita kiasi, kinajifunga na kumjulisha mwenye nyumba kwamba kuna mtu alikuja. Kilisifiwa sana.

Julai 22, 1851, mbele ya mashahidi, Hobbs alikifungua kwa dakika 25. Kisha akakifunga tena, kwa dakika 7. Kumbe kile kifaa cha kutoa taarifa ndicho kilichomsaidia: kilimwambia leva ipi imepita kiasi. Mlinzi aligeuka mtoa siri.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa bado.

Kufuli la dirishani

Kwenye dirisha la duka la Bramah, mtaa wa Piccadilly, lilining'inia kufuli moja likiwa na kibao. Kibao kiliahidi gini 200, yaani paundi 210, kwa yeyote atakayetengeneza kifaa cha kulifungua. Joseph Bramah, aliyepata hataza ya kufuli lake mwaka 1784, alikuwa amefariki tangu 1814. Kufuli lilibaki pale na fedha hazikuchukuliwa na mtu.

Ufunguo wake ulikuwa kama kibomba kidogo chenye mikato mwishoni. Ndani ya kufuli kulikuwa na vibati 18, na kila kibati kilitakiwa kusukumwa kwa kina chake. Vyote 18 kwa wakati mmoja. Na nyuma yake kulikuwa na springi inayovirudisha vyote nje ukiviachia.

Sasa fikiria kazi ya mikono miwili. Lazima uigandamize springi. Lazima ukaze kama mtu anayezungusha ufunguo. Na lazima upapase kibati kimoja kimoja kusikia kipi kimegoma. Hizo ni kazi tatu, mikono ni miwili, na ukichoka ukaachia, unaanza upya.

Waliteuliwa waamuzi watatu: mhandisi George Rennie, Profesa Cowper wa chuo cha King's na Dk. Black wa Kentucky. Masharti yalikuwa makali. Kufuli liliwekwa ndani ya gogo la mbao, gogo likafungwa kwa skrubu kwenye mlango, na skrubu zikapigwa muhuri. Hobbs aliachiwa kuona tundu na komeo tu. Kila alipoacha kazi, tundu lilifunikwa kwa utepe wa chuma na kutiwa muhuri ili mtu mwingine asiliguse. Ufunguo halisi nao ulifungiwa kwa muhuri.

Waamuzi walitaka kuzuia udanganyifu. Ila bila kukusudia walimpa Hobbs kitu ambacho kila fundi anakitamani: kufuli lililotulia, lisilotikisika hata kidogo.

Naye akakitumia. Alifunga kifaa chake kwa skrubu kwenye ile mbao, kikawa kinaigandamiza springi badala ya mkono wake. Kazi ngumu kuliko zote ikabebwa na chuma, na mikono yake ikabaki kwa kazi ya kupapasa.

Alianza Julai 24. Katikati kazi ilisimama kwa muda. Agosti 23 alilionyesha kufuli likiwa wazi. Hesabu ilionyesha siku 16 za kazi na saa 51 kamili. Akalifunga na kulifungua tena mbele ya waamuzi. Agosti 30 ufunguo halisi ulijaribiwa, ukafunga na kufungua vizuri. Maana yake hakuvunja wala kuharibu chochote.

Walalamika: Huu si wizi wa kweli

Kampuni ya Bramah haikufurahi. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna mwizi anayepewa siku 16, wala anayeruhusiwa kufunga mtambo wake mlangoni na kuukuta palepale kesho yake.

Kusema kweli, hoja ilikuwa na uzito. Lakini kibao cha dirishani hakikutaja muda wala hakikukataza kifaa kufungwa. Waamuzi walimpa Hobbs ushindi na fedha zake.

Kukawa na mjadala mwingine mkubwa zaidi: Je, ni halali kuwaeleza watu hadharani jinsi makufuli yanavyofunguka? Si ni kuwafundisha wezi?

Hobbs alisimama upande mmoja bila kuyumba. Katika kitabu cha makufuli kilichotoka kwa jina lake mwaka 1853, msimamo wake ni kwamba wezi wanaijua kazi yao kitambo. Asiyejua ni mnunuzi, anayelala usingizi akiamini kitasa kisichostahili kuaminiwa. Ukificha udhaifu unamlinda muuzaji, humlindi mwenye nyumba. Leo wataalamu wa usalama wa kompyuta na simu bado wanabishania jambo hilohilo.

Naye akapatikana

Hobbs alibaki London, akaanzisha kampuni ya Hobbs, Hart, na mwaka 1854 taasisi ya wahandisi ya Uingereza ilimpa medali ya Telford. Mwaka 1860 alirudi Marekani. Alifanya kazi kiwanda cha cherehani cha Elias Howe, kisha akasimamia kiwanda cha risasi mjini Bridgeport kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki huko Novemba 6, 1891.

Na lile kufuli la Day & Newell alilokuwa akilinadi? Nalo lilikuja kufunguliwa, na Mmarekani mwenzake, Linus Yale mdogo, yule ambaye jina lake bado liko kwenye vitasa vingi duniani. Mjanja akapata mjanja wake.

Kufuli la Bramah halikutupwa. Limehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi, London.

Tunajifunza nini Dodoma?

Jiji linajengwa kila siku, Ilazo, Nkuhungu, Iyumbu, na kila nyumba mpya inahitaji vitasa. Vingi vya mlango wa mbao ni vya leva, ndugu wa karibu wa kile cha Chubb. Muuzaji akikwambia hiki hakifunguki, mkumbuke Hobbs. Uliza kina leva ngapi. Mbili si sawa na tano. Swali la maana ni kitamchelewesha mwizi kwa muda gani, kwa sababu kinachochelewesha ndicho kinachompa jirani nafasi ya kusikia.

Na wewe kijana unayejifunza ufundi huu: jifunzie kwenye kufuli lako mwenyewe, na lisiwe lile linalolinda mlango wenu usiku. Kama huna jiliwa, lifunge kwenye ubao mzito na ubao uubane mezani. Weka kitambaa au ngozi ili chuma kisikwaruzike, na usikaze mpaka kufuli likapinda, maana hapo hata ufunguo wake utagoma.

Hobbs hakuwa na mikono mitatu. Alitafuta tu kitu cha kushika kwa niaba yake.