Selma Lagerlöf, Mwalimu Aliyewarusha Watoto Juu ya Nchi Yao

Selma Lagerlöf alizaliwa tarehe 20 Novemba 1858 katika shamba la Mårbacka, jimboni Värmland, nchini Uswidi. Angali mdogo alipatwa na maradhi ya nyonga yaliyomnyima nguvu za miguu kwa muda, na ingawa alipona, alichechemea maisha yake yote. Nyumbani alikuwapo bibi yake mzaa baba, hodari wa kusimulia. Bibi huyo alifariki Selma akiwa na miaka mitano tu, na pigo hilo hakulisahau hata uzeeni.

Alisomea ualimu katika chuo cha walimu wa kike mjini Stockholm, akahitimu mwaka 1885. Mwaka huohuo baba yake alifariki, na baada ya muda Mårbacka ikauzwa kwa sababu ya madeni. Selma alikwenda Landskrona, mji wa pwani kusini mwa nchi, akafundisha shule ya wasichana miaka kumi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1891, na mwaka 1895 aliacha ualimu ili aishi kwa kalamu.

Hata hivyo walimu hawakumwacha. Mwanzoni mwa karne ya 20 chama cha walimu wa shule za msingi, kwa kinywa cha mwalimu mkuu Alfred Dalin, kilimwomba atunge kitabu cha kusomea ambacho kingewafahamisha watoto nchi yao. Alikubali, kisha akakwama. Kwa miaka kadhaa alikusanya habari za ndege na wanyama, migodi na misitu, na ngano za kila jimbo. Habari zikawa rundo, na rundo si hadithi. Mwalimu mwanafunzi aliyewahi kuandaa somo lenye mambo mengi kuliko dakika zake ataielewa taabu hiyo.

Hadithi za wanyama za Rudyard Kipling zilimsaidia kupata njia. Akambuni Nils Holgersson, kijana wa miaka 14, mvivu na mtesaji wa wanyama, ambaye anamchokoza kijini mlinzi wa nyumba na kugeuzwa kuwa kijitu kidogo mno. Bata bukini wa kufugwa anapotaka kuruka na wenzake wa mwituni, Nils anamng'ang'ania shingoni, na wote wanapaa kuelekea Lapland, kaskazini kabisa. Kitabu kilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1906 na 1907.

Tuangalie jinsi anavyofundisha. Nils, akiwa juu ya jimbo la Skåne, anadhani anatazama kitambaa kikubwa cha mirabamiraba. Anajiuliza ni kitambaa gani kikubwa namna ile. Bata wanapopiga kelele kwamba ni mashamba na malisho, ndipo anapotambua kuwa miraba ya kijani ni nafaka iliyopandwa tangu vuli, na ile ya rangi ya majivu ni mabua ya mavuno yaliyopita. Swali limetangulia jibu, na aliyeuliza ni mtoto mwenyewe. Jiografia haikubandikwa mkiani mwa hadithi. Ukiiondoa, Nils hana mahali pa kuruka.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya Åsa na mdogo wake Mats. Mama yao alimpokea mwanamke mzururaji aliyekuwa mgonjwa, na baada ya mgeni huyo kufa, watoto wa nyumba ile wakaanza kufa mmoja mmoja. Watu wakaamini ni laana. Baba akakata tamaa akaenda zake, na mama naye akafa. Siku moja watoto hao wawili wanasikiliza mhadhara juu ya kifua kikuu, na wanatambua kwamba kilichowaua ndugu zao kilikuwa ugonjwa, tena ugonjwa unaoweza kuepukwa. Wanafunga safari kwa miguu hadi kaskazini kumtafuta baba na kumweleza. Maradhi hayo yaliua watu wengi Uswidi wakati huo. Bila shaka walikuwapo darasani watoto waliokuwa na kaburi la namna hiyo kwao.

Kitabu hakikukosa dosari. Jimbo la Halland liligusiwa kwa ufupi mno, hata wenyeji wake wakanung'unika. Mwalimu mwerevu angeweza kuwapa wanafunzi wa Halland kazi ya kuitunga sura iliyokosekana.

Ndani ya kitabu mwandishi amejiweka mwenyewe: mwanamke aliyeshindwa kuandika habari za nchi yake anarudi kuliangalia shamba la utotoni, anasikia kilio, na kumwokoa Nils kutoka makuchani mwa bundi. Mwaka 1907 aliinunua tena nyumba ile ya Mårbacka. Mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwanamke wa kwanza kuipata, na kwa fedha zake akayakomboa mashamba mwaka uliofuata. Alifariki hapohapo tarehe 16 Machi 1940.