Mjue James Watt, Fundi wa Mvuke

Hebu siku moja zunguka nyuma ya kompyuta yoyote uchungulie kile kibandiko chenye namba. Utaona tarakimu, kisha herufi W. Hiyo W ni jina la mtu. Sisi huiandika katika mtihani wa Fizikia bila kumjua mwenyewe, kwa hivyo nimeona heri nimlete hapa katika jarida la chama chetu.

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 huko Greenock, mji wa bandari nchini Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara, na utajiri wa bandari zile ulitokana kwa sehemu na sukari na tumbaku iliyolimwa na watumwa Waafrika. Hilo nalisema mapema, tusije tukamfanya malaika. Kijana mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alijifunza London kutengeneza vyombo vya kupimia, na mnamo 1757 akapata karakana katika Chuo Kikuu cha Glasgow.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1763 alipewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze. Injini hizo zilikuwa zikivuta maji migodini tangu 1712, ila ulafi wake wa makaa ya mawe haukuwa na kifani. Mvuke uliingia katika silinda, kisha maji baridi yakanyunyizwa humo humo ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke. Silinda ikapoa. Mvuke uliofuata ukawa na kazi ya kuipasha moto upya kwanza. Ni kama mpishi anayesonga ugali huku kila dakika anaimwagia sufuria maji baridi! Watt akapima, kumbe sehemu kubwa ya mvuke inaenda bure. Jumapili moja ya Mei 1765, akitembea uwanjani Glasgow Green, jibu likamjia: mvuke upozwe katika chombo kingine pembeni, silinda ibaki moto daima.

Lakini wazo halinunui unga. Ilimbidi awe mpimaji wa njia za mifereji kwa miaka kadhaa. Tajiri aliyemsaidia, John Roebuck, akafilisika. Mwaka 1773, Watt akiwa mbali kazini, mkewe Margaret akafariki. Mwaka uliofuata alihamia Birmingham kwa Matthew Boulton, na hapo mambo yakaanza kunyooka.

Mapatano yao na wenye migodi yalinifurahisha sana. Mteja alihesabiwa makaa ambayo injini mpya imeokoa ikilinganishwa na ile ya Newcomen, halafu akalipa theluthi moja ya thamani yake kila mwaka. Yaani watu walilipia makaa ambayo hayakuchomwa! Wenye migodi ya Cornwall walinung'unika, wengine wakakataa kulipa. Watt naye alishikilia haki yake ya uvumbuzi hadi 1800, akawapeleka mahakamani waliojaribu njia zao. Hapo mimi simtetei.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1819. Mwaka 1882 wanasayansi wa Uingereza walipendekezewa jina lake liwe kipimo cha nguvu za umeme. Sisi Wakenya tunauita umeme stima, neno lililoanza kama jina la meli za moshi, kama zile zilizokuwa zikizunguka Ziwa Victoria hapa chini yetu. Hivyo mvuke wa Watt bado uko mdomoni mwetu tukiuliza kama stima imerudi.

Je, kompyuta? ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu kama 18,000 na ilikula kama wati 150,000. Kompyuta ndogo ya kubeba leo hutumia makumi ya wati tu, na kazi yake inaishinda ENIAC mbali sana. Tangu 1992 serikali ya Marekani imekuwa na alama ya Energy Star, iliyoanza na kompyuta na skrini zake, ili mnunuzi aitambue isiyo na ulafi. Wahandisi wake wanauliza swali lile lile la karakana ya Glasgow: joto hili linakwenda wapi?

Tena kuna mtego. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba injini za Watt hazikupunguza makaa yaliyochomwa nchini mwake. Kwa kuwa kila injini ilikula kidogo, watu walinunua nyingi zaidi, na makaa yakazidi kuchimbwa. Kompyuta nazo zimefuata njia hiyo. Moja inakula kidogo, lakini sasa kuna majumba mazima yaliyojaa kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana, na mitambo mingine ya kuzipoza. Mwalimu wetu wa Fizikia anasema suluhisho ni ufundi zaidi. Mimi bado nabishana naye.