Wosia wa Mama kwa Binti Yake

Majilio yanakaribia. Kabla ya kufikiria nguo mpya na pilau, tumkumbuke mama mmoja wa visiwa vyetu vya Lamu.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate. Aliolewa na Bwana Mataka wa Siyu, aliyekataa kutawaliwa na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki, akamwacha mjane na watoto. Mwaka 1858, akiwa ameugua muda mrefu, Mwana Kupona aliona bado hajampa wosia binti yake, Mwana Hashima. Basi akamtungia utendi: kwanza dini, kisha adabu, kisha jinsi ya kuishi na mume, akimkumbusha furaha aliyoiona katika ndoa yake. Mwishoni akawaombea watoto wake kwa Mungu.

Mama huyo alikuwa Mwislamu, lakini somo ni letu pia. Tusingoje ugonjwa ndipo tuwarithishe watoto imani. Injili ya Luka ina sura 24. Baba na mama, anzeni Desemba 1, someni sura moja kila jioni pamoja na watoto. Mkesha wa Noeli mtakuwa mmemaliza.