Greco, jamaa aliyemtupa askofu ili ashinde

Hebu jione uko Kipsongo, pale Kitale, umeinamia simu ukicheza chesi. Mfalme wako umemficha pembeni, askari watatu mbele yake, roho imetulia. Mara mpinzani anamtuma askofu wake amle askari wako wa ukingoni. Kumbe hakuna anayemlinda! Unacheka, unamla askofu. Hatua tano baadaye umekwisha.

Mtego huo una umri wa miaka 400 hivi. Aliyetuachia kwa maandishi ni Mwitaliano, Gioachino Greco, aliyezaliwa Celico, jimbo la Calabria, karibu mwaka 1600.

Angalia alivyoupanga. Katika hatua ya tano tu, askari wa pembeni anasukumwa nafasi mbili mbele. Ukiona hivyo utadhani huyu hajui kazi. Hatua ya saba ndipo askofu anatolewa. Mfalme wako anatoka kumla, farasi anaruka na kumtishia. Ukimla farasi kwa askofu wako, yule askari wa pembeni naye anamla huyo askofu, na kwa kuhama kwake njia inafunguka: ngome iliyokuwa imelala nyuma yake sasa inamkodolea macho mfalme wako. Malkia anaingia, basi. Wewe ulikuwa unamtazama askofu, bana, na kazi ilishafanywa na askari uliyemdharau.

Greco aliishi kwa mbinu kama hizi. Alizunguka Roma, Nancy, Paris, London na Madrid, akicheza na wakubwa na kuwaandikia matajiri waliomfadhili madaftari ya michezo, kwa mkono. Fikiria hilo: kila daftari lilimpa mtu mwingine siri zile zile zilizomlisha yeye. Mimi ningeficha mbili tatu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1622, akielekea London, aliporwa pesa zake zote njiani. Alifika, akaendelea kuandika.

Wengi wanaamini michezo hiyo aliitunga mwenyewe, kwamba hakukuwa na mtu upande wa pili. Sawa tu. Ijaribu kwenye ubao uone kama haifanyi kazi.

Kutoka Hispania alivuka bahari hadi Karibi, akafia huko karibu mwaka 1634, angali kijana. Mwaka 1656 michezo yake ikachapishwa London, na tangu hapo yeyote mwenye pesa ya kitabu angeweza kumtupa askofu.