Audubon na Ndege wa Mto Loire

Katika nchi ya Ufaransa uko mto mrefu uitwao Loire. Karibu na mahali unapoingia baharini uko mji mdogo, jina lake Couëron. Maji ya pale hayatulii. Mara mbili kila siku bahari hujaa na kuusukuma mto nyuma. Kisha bahari hupwa, mto hupungua, na matope huonekana kandokando. Sisi tunaokaa mbali na bahari hatuoni jambo hili.

Katika mji huo alikulia mtoto mmoja, Jean-Jacques Audubon. Alizaliwa mwaka 1785 katika kisiwa cha Saint-Domingue. Upande ule leo ni nchi ya Haiti. Baba yake, nahodha wa meli, alikuwa na shamba la miwa huko, nalo lililimwa na watumwa. Watumwa wengi wa kisiwa kile walitolewa katika nchi za Kongo. Mama yake alikufa mtoto akiwa bado mchanga. Mwaka 1788 akaletwa Ufaransa, na mke wa baba yake, Anne Moynet, akamlea kama mwana wake wa kumzaa. Mwaka 1800 alibatizwa katika mji wa Nantes.

Mama huyo alimpenda mno, labda kupita kiasi. Asubuhi alimpa kikapu cha chakula aende nacho shuleni. Mtoto aliiacha njia ya shule, akashika njia ya mtoni. Jioni kikapu kilirudi kimejaa viota, mayai, maua na mawe. Ninyi msimwige, mwalimu wenu hatapokea kiota mahali pa hesabu.

Lakini mtoni hakukaa bure. Maji yakipwa, ndege wenye midomo mirefu hushuka matopeni kutafuta minyoo. Maji yakijaa tena, huruka wote pamoja kwenda kungoja katika majani ya bondeni. Mwenye kutaka kuwaona lazima ajue saa ya maji, tena aende polepole, asipige kelele. Baba yake, alipokuwa nyumbani, alitembea naye, akamwonyesha rangi za manyoya na majira ya ndege kuja na kuondoka.

Kisha mtoto alichora. Alitaka ndege aonekane mzima, lakini picha zake zilifanana na maiti. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, alizitia motoni, akaanza upya.

Baba alitaka awe baharia, akampeleka Rochefort kujifunza. Hesabu zilimshinda, na bahari ikamtapisha. Mwaka 1803 akatumwa Marekani, asije akachukuliwa katika jeshi la Napoleon. Mwaka 1805 alirudi Couëron, akakaa mwaka mmoja. Tabibu d'Orbigny, aliyependa elimu ya viumbe, akamfundisha kuwachunguza ndege kwa utaratibu.

Huko Marekani alioa, akafanya biashara. Mwaka 1819 mali yake yote ikapotea, hata akatiwa gerezani kwa sababu ya madeni. Lazima tuseme na neno baya. Audubon naye alikuwa na watumwa. Mwaka ule ule alishuka kwa mashua mpaka New Orleans pamoja na watu wawili, watumwa wake. Walipofika, akaitoa mashua iuzwe, na watu wale pamoja nayo. Aliwajua ndege kwa majina na kwa sauti zao. Majina ya watu wale hatukuachiwa.

Tangu mwaka 1820 alifuata mito na misitu akiwa maskini, huku Lucy mkewe akifundisha watoto wa watu apate kuwalisha wanawe. Aliwapiga ndege kwa bunduki, akawafunga kwa nyuzi za chuma ili wasimame kama wazima, ndipo akawachora. Kila ndege alimchora kwa kipimo chake halisi; wenye shingo ndefu ilibidi wainame wapate kuenea katika karatasi. Kitabu chake kilichapwa Uingereza tangu 1827 hata 1838, kikawa na picha 435. Alikufa New York tarehe 27 Januari 1851.

Huko Couëron mabonde yenye maji kando ya mto huitwa leo kwa jina lake. Watu hutembea humo na darubini, nao huangalia kwanza saa ya maji. Mwezi wa Septemba mbayuwayu wa pale huondoka, huja kwetu Afrika.