Grace Hopper: Aliyeizoeza kompyuta maneno bila kuisahau lugha ya mashine

Simu uliyoshika mkononi haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Ndani yake zinafanya kazi namba tu, na wengi wa wanaotengeneza programu zake hawaandiki namba hizo. Wanaandika kwa maneno, kisha programu nyingine inatafsiri. Leo tunamwangazia Grace Hopper, Mmarekani aliyesaidia kufungua njia hiyo.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipata shahada ya udaktari wa hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akafundisha chuo cha Vassar. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Uzito wake haukufika kiwango, lakini alipewa ruhusa maalumu, akaingia Desemba 1943.

Mwaka 1944 alipelekwa Harvard kwenye kompyuta ya Mark I, yenye urefu wa takriban mita 15. Amri zake zilitobolewa kwenye mkanda wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu inaharibika.

Mwaka 1949 alihamia kampuni iliyotengeneza kompyuta za BINAC na UNIVAC. Kwenye BINAC alijifunza hesabu isiyo na 8 wala 9: baada ya 7 inakuja 10. Humo, ukitoa 3 kwenye 10 unabaki na 5. Aliizoea mno hata hesabu zake za benki zikakataa kulingana kwa miezi mitatu. Mdogo wake wa kiume, mtu wa benki, ndiye aliyegundua kuwa mara nyingine dada yake alikuwa akitoa pesa kwa hesabu ya mashine.

Hopper akaona kwamba kuishi katika dunia mbili hivyo ni taabu, na kwamba kazi ya kutafsiri iachiwe mashine. Mwaka 1952 alikamilisha A-0, moja ya kompaila za kwanza. Mtu alitaja vipande vya amri anavyovitaka, mashine ikavikusanya yenyewe. Wengi hawakuamini, kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu tu. Hakurudi nyuma. Ikafuata FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza, na lugha ya COBOL iliyoanza kubuniwa 1959 ilichota mengi humo.

Lakini anayeandika kwa maneno haoni kila hatua inayopigwa na mashine. Ni rahisi kuipa hatua kumi pale ambapo moja ingetosha. Kwa hiyo Hopper alipokwenda kuhutubia aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30: umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alitaka waandishi wa programu waone kwa macho kile wanachokitupa.

Ndiyo maana hata leo, wapo walioandika kwa lugha rahisi miaka mingi ambao hurudi kujifunza C au Asembli, lugha zilizo karibu na mashine. Huanza upya kama wanafunzi, wakipanga wenyewe nafasi ya kumbukumbu waliyozoea kupangiwa. Kwako msikilizaji, faida yake ni programu isiyomaliza chaji upesi wala kuilemea simu ndogo.

Hopper alistaafu 1966, akaitwa tena kazini mwaka uliofuata, na kuondoka jeshini 1986 akiwa admirali mwenye miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.